Manowari na Bomba Tatu: Hotuba Kuhusu Majina Yanayorithiwa na Meli za Vita

Wazee wangu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie manowari, nami katika bahari hiyo kubwa nimechagua ghuba moja tu: desturi ya majeshi ya majini kuchukua jina la meli iliyokufa na kulivisha meli mpya. Ni desturi ya Ulaya, na wanaoieleza huanzia bandari za Kiel au Portsmouth. Mimi nitaanzia hapa hapa bandarini Unguja, kwa sababu majina mawili ya aina hiyo yalikutana mbele ya mji huu alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914.

Siku hiyo manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo. Haikuweza kuondoka. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaja kutoka kusini, ikasimama mbali na kuanza kupiga. Mizinga ya Mjerumani ilifika. Ya Mwingereza ilikuwa ya zamani na makombora yake yakaanguka majini kabla ya shabaha. Mambo yalikwisha upesi. Mabaharia zaidi ya 30 wa Pegasus walikufa, wengi zaidi wakajeruhiwa, na meli yenyewe ikazama baadaye siku ile. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, na ukikodi mashua hapo Forodhani utafika makaburini kwao kabla jua halijapanda sana.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi wenu mnaijua. Sasa nisikilizeni kwa makini hapa: miezi 10 baadaye Königsberg nayo iliangamia, ndani ya delta ya Rufiji, mwezi wa Julai 1915. Na tarehe 18 Desemba ya mwaka ule ule, kule Ujerumani, ikashushwa majini manowari mpya. Jina lake? Königsberg. Ile ya kwanza bado imelala kwenye tope la mikoko yetu, mabaharia wake bado wako vitani huku bara, na tayari kuna nyingine inayoitwa kwa jina lake.

Na haikuwa peke yake. Wajerumani walikuwa na kawaida ya kuzipa manowari zao ndogo za aina hiyo majina ya miji. Mwaka 1914 walipoteza Emden, iliyopigwa na manowari Sydney ya Australia kwenye visiwa vya Cocos. Walipoteza Karlsruhe, iliyolipuka yenyewe kwenye Atlantiki. Walipoteza Nürnberg, iliyozamishwa karibu na visiwa vya Falkland. Halafu Königsberg yetu. Basi zile nne zilizoshushwa majini baada ya hasara hiyo zikaitwa Königsberg, Karlsruhe, Emden na Nürnberg. Emden mpya hata ikabandikwa Msalaba wa Chuma mbele ya pua yake, nishani waliyoipata wale wa Emden iliyotangulia.

Sisi watu wa pwani hatuwezi kulishangaa jambo hili. Babu akifa na mjukuu akazaliwa, mjukuu huitwa kwa jina la babu, na watu wa nyumba ile hulitaja jina kwa sauti ile ile. Jeshi la majini linafanya hivyo kwa sababu zake. Mji uliotoa jina unaona fahari, unachangia, unatuma zawadi. Vijana wanaopanda meli mpya wanaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wamekabidhiwa sifa ambayo wengine waliifia. Waingereza wameliweka jambo hili hata kwa kanuni: heshima za vita alizozipata mwenye jina wa kwanza huhamia kwa kila anayemfuata, zikaandikwa kwenye ubao ndani ya meli. Manowari yao Ark Royal iliyostaafu mwaka 2011 ilikuwa inadai heshima ya mwaka 1588, ya vita dhidi ya Wahispania, ingawa ile ya 1588 ilikuwa ya mbao na matanga, na hii ya mwisho ilibeba ndege.

Lakini nataka kuuliza: jina linaporithiwa, linarithi nini hasa, na linaacha nini nyuma? Kwa Königsberg, nadhani liliacha nyuma karibu kila kitu kinachotuhusu sisi.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mapema Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, na watu wapatao 320. Hapakuwa na meli ya namna ile kwenye mwambao huu. Wenyeji waliisogelea kwa mitumbwi na mashua, wakaitazama, wakaipa jina lao: manowari na bomba tatu. Nalipenda sana jina hilo. Limetolewa na watu walioiona kwa macho yao, wakahesabu mabomba yake ya moshi. Wale waliochagua jina la Königsberg hawakuwahi kuuona mwambao huu.

Vita vilipokaribia, Looff aliondoka bandarini tarehe 31 Julai asije akafungiwa ndani. Mapema Agosti akaikamata City of Winchester, meli ya biashara ya Kiingereza iliyojaa chai, upande wa Omani, ikawa meli ya kwanza ya biashara ambayo Uingereza ilipoteza katika vita vile. Lakini tatizo la Looff lilikuwa makaa. Waingereza walikuwa wamefanya kila njia asipate pa kununua. Ndipo akaingia Rufiji, ambako Wajerumani peke yao ndio waliokuwa na ramani nzuri za mikondo, kwa sababu meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imeipima kabla. Alitoka mara moja, akaja kuipiga Pegasus hapa, akarudi. Mitambo ikamharibikia. Hakutoka tena.

Waingereza waliitafuta kwa zaidi ya mwezi mmoja. Askari wa manowari Chatham waliposhuka Lindi na kupekua meli ya Kijerumani iliyokuwepo pale, walikuta karatasi za makaa yaliyopelekwa Salale, ndani ya delta ya Rufiji. Tarehe 30 Oktoba 1914 wakaiona milingoti nyuma ya mikoko. Kuiona ni jambo moja, kuifikia ni jambo jingine. Meli zao zilihitaji kina kirefu kuliko kile cha midomo ya Rufiji. Walizamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mkondo mmoja ili kuuziba. Walileta ndege za majini, ambazo joto letu lilizitesa vibaya. Waliteka kisiwa cha Mafia mwezi wa Januari ili wapate pa kukaa. Mwisho wakavuta kutoka Malta meli mbili bapa, nzito, za kwenda kwenye maji mafupi: Severn na Mersey.

Hapo napo pana hadithi ya majina. Severn na Mersey ni mito ya Uingereza, lakini meli zile hazikuzaliwa na majina hayo. Zilijengwa kwa ajili ya Brazil, kwa kazi ya mto Amazon, nazo zilikuwa zimeitwa Solimões na Madeira. Vita vilipoanza zikawa zimechukuliwa na serikali ya Uingereza na kupewa mito mingine. Kwa hiyo zilikuwa meli za Amazon, kwa majina ya Uingereza, zikipigana Rufiji.

Zilipigana mara mbili. Tarehe 6 Julai 1915 hazikufaulu, Königsberg ikaziumiza. Tarehe 11 Julai zikarudi, na safari hii ndege iliyokuwa juu ikazieleza kila kombora limeangukia wapi. Ndege yenyewe ilipigwa ikaanguka mtoni, lakini walioirusha waliendelea kutoa ishara wakati wanashuka. Looff alijeruhiwa. Alipoona hakuna tena cha kuokoa, aliamuru meli ilipuliwe kwa topido zake yenyewe.

Kwa ofisi ya Berlin, meli ilikuwa imekwisha, na jina likawa huru. Huku kwetu, kazi nzito ndiyo kwanza inaanza, na naomba tukae hapa kidogo.

Mizinga yote 10 ilitolewa mtoni. Fikirini maana yake: chuma cha uzito ule, kutoka kwenye tope la mikoko, hadi Dar es Salaam, katika nchi isiyo na barabara ya kubeba kitu cha namna ile. Waliovuta ni watu. Ni watu wa Rufiji na wa vijiji vya njiani, kwa kamba na kwa mabega, mamia kwa mamia. Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo vipande vya boila ya meli vilikuwa vimevutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikavutwa kurudi. Mizinga ilipofika Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu, ikagawanywa. Mmoja ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Goetzen. Mingine ilifuata jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck kusini na magharibi, mwaka baada ya mwaka, ikivutwa na wapagazi wale wale ambao walikufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu katika vita visivyokuwa vyao. Leo mmoja uko Mombasa ndani ya Fort Jesus, mwingine Jinja, mwingine Pretoria. Kila mmoja ulifika ulipofikia kwa jasho la watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Hili ndilo ninalolishikilia. Ofisi iliyokuwa na wino wa kutosha kuandika jina la Königsberg kwenye pua ya meli mpya baada ya miezi mitano tu haikuwa na wino wa kumwandika hata mpagazi mmoja aliyevuta mzinga wa ile ya kwanza. Sisemi wino huo ulifichwa kwa makusudi. Nasema desturi ya kurithisha majina inajua kubeba kile tu ambacho wenye meli wanataka kukibeba.

Tuendelee na jina, maana halikuishia hapo. Königsberg ya pili ilipigana kwenye Bahari ya Kaskazini. Novemba 1918, Ujerumani iliposhindwa, ndiyo iliyombeba admirali Hugo Meurer kwenda Scotland kupokea masharti ya kusalimisha meli. Mwaka 1920 ikakabidhiwa Ufaransa, na Wafaransa wakaibatiza Metz, jina la mji ambao Ujerumani iliuchukua baada ya vita vya 1870 na Ufaransa ikawa imeurudisha. Mshindi akichukua meli huchukua na haki ya kuiita. Metz ilivunjwa kwa ajili ya vyuma mwaka 1936.

Ya tatu ilishushwa majini mwaka 1927. Tarehe 9 Aprili 1940 ilikuwa miongoni mwa meli zilizovamia Norway, ikapigwa na mizinga ya pwani pale Bergen. Kesho yake asubuhi, ikiwa imefungwa gatini, ndege 16 za Kiingereza zilitoka visiwa vya Orkney zikaishukia na kuizamisha. Ilikuwa manowari kubwa ya kwanza kuzamishwa na ndege katika vita vile.

Hakuna ya nne, na sababu yake haiko baharini. Mji wa Königsberg, uliokuwa ukitoa jina, uliangukia mikononi mwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1945, na mwaka uliofuata ukaitwa Kaliningrad. Leo hii Ujerumani ina manowari mpya zinazoitwa Emden, Köln na Karlsruhe. Wenzake wamerithiwa tena. Yeye amekatikiwa na ukoo kwa kuwa mji aliourithi jina haupo tena kwenye ramani kwa jina hilo.

Na Pegasus je? Hiyo ina ukoo mrefu zaidi. Kulikuwa na Pegasus ya matanga iliyoshushwa majini mwaka 1779, ambayo mwaka 1786 nahodha wake alikuwa William, mwana wa mfalme George III. Huyo William baadaye akawa mfalme, na wazee wa Unguja walimjua kwa sababu nyingine. Sayyid Said alikuwa na manowari kubwa ya msaji, Liverpool, iliyojengwa Bombay, yenye mizinga 74. Mwaka 1836 akaitoa zawadi kwa mfalme William. Waingereza wakaipokea na kuibadilisha jina, wakaiita Imaum, kwa heshima ya Imam wa Maskati, yaani Sayyid Said mwenyewe. Imaum ikamalizia maisha yake Jamaica. Hiyo ni mara moja, kwa ninavyojua, ambapo jina lilisafiri kutoka upande wetu kwenda kwao, na hata hivyo waliivisha meli iliyokuwa yetu.

Baada ya Pegasus iliyozama hapa, jina likakaa miaka mitatu. Mwaka 1917 Waingereza walikuwa wanamalizia meli ya kubeba ndege, iliyoanza kujengwa kama meli ya abiria kwa jina la Stockholm. Wakaiita Pegasus, farasi mwenye mbawa. Kwa meli ya ndege jina lilikaa vizuri kuliko lilivyokaa kwa ile ya Unguja. Hiyo nayo ilipouzwa mwaka 1931, jina likalala tena. Halafu mwaka 1934 likatokea jambo la ajabu. Waingereza walikuwa wanapanga meli mpya kubwa ya ndege, wakataka iitwe Ark Royal. Lakini Ark Royal ilikuwapo, ikielea, meli ya mwaka 1914 iliyopigana Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki. Wakaivua jina ingali hai, wakaivisha Pegasus, ili mdogo wake apate Ark Royal. Ile iliyovikwa Ark Royal ndiyo ambayo ndege zake ziliipiga manowari ya Kijerumani Bismarck mwaka 1941, na ulimwengu wote ukalijua jina. Ile iliyovuliwa ilifanya kazi yake vita vyote viwili, na nani anaikumbuka? Nafikiri meli ile ilidhulumiwa.

Nimebaki na moja, na ni ya mji huu kabisa. Mwaka 1872 kimbunga kiliziharibu meli za Sayyid Barghash. Baadaye manowari ya Kiingereza, Glasgow, ilitembelea Unguja, Sayyid akaipenda, akaagiza ajengewe ya mfano wake. Ikajengwa Scotland, ikafika mwaka 1878, na jina lake likawa lile lile: Glasgow. Tarehe 27 Agosti 1896, mwanawe Barghash, Sayyid Khalid, alipokalia kiti cha enzi bila ya ridhaa ya Waingereza, Glasgow ya Unguja ndiyo iliyojibu mizinga ya admirali wa Kiingereza, Rawson. Ilizamishwa na jeshi la majini lile lile lililokuwa na jina lake. Milingoti yake ilibaki imechomoza nje ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Miaka miwili tu baadaye Pegasus ikazama kwenye bandari ile ile. Waingereza wameendelea kuziita manowari zao Glasgow. Moja ilikuwa Falkland mwaka 1914 na nyingine 1982, na mpya imeshushwa majini mwaka 2022. Ile ya Barghash haimo kwenye ukoo wao. Isipohesabiwa na sisi, haihesabiwi na mtu.

Nikumbusheni kuhusu ile meli ya Kigoma. Graf von Goetzen, iliyobeba mzinga wa Königsberg, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini mwa Ziwa Tanganyika waliliita ziwa lao. Kwa miongo mingi imebeba dagaa, mananasi, wakimbizi na wafanyabiashara wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Gavana Mjerumani aliyepewa heshima ya jina la kwanza amesahaulika mwambaoni mwa ziwa lile, na Liemba kila mtoto anaijua.

Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma kwenye mabaki ya Königsberg iliuzwa kwa pauni 200, na aliyeinunua ni yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Wapiga mbizi wakatoa walichotoa. Kazi ya kuikwangua iliendelea kwa miaka, hadi mabaki yalipojikunja na kuzama kitandani mwa mto mwaka 1966. Maana yake wapo wazee wa Rufiji, waliohai leo, walioiona kwa macho wakiwa watoto. Wapo waliosikia kutoka kwa baba zao nani alivuta kamba, nani hakurudi. Ninawaomba wanafunzi walio hapa wenye asili ya Utete, Mohoro, Salale na Mafia: likizo ijayo kaeni na wazee hao. Andikeni jina la mzee, kijiji chake, tarehe mliyoongea naye, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Leteni, tutayaweka pamoja.

Muda wa maswali ni wenu sasa. Na kama yupo hapa mtu wa Rufiji au wa Mafia, ningependa aanze yeye.